Maisha ya Svante Arrhenius na Siri ya Tindikali Dhaifu

Wasomaji wetu watukufu, katika kurasa hizi tumezoea kuandika tarikh za watu waliotangulia, ili sisi tulio hai tupate mazingatio. Mara hii tumemchagua mtu asiyekuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu, naye ni Svante Arrhenius, mtaalamu wa Swideni aliyekufa katika mwaka wa 1927. Sababu ya kumchagua ni kuwa vijana wetu wa skuli kila mwaka huirejea kazi yake kwa mikono yao, na wengi wao hawalijui hata jina lake. Husimamishwa mbele ya bomba la kioo, wakaambiwa wadondoshe maji ya soda kali katika siki mpaka rangi igeuke, kisha waandike hesabu. Hesabu huiandika vizuri kama walivyoihifadhi, lakini wakiulizwa maana yake hunyamaza. Nasi hatupendi elimu ya kunyamaza. Ndipo tukaona tueleze maisha ya mtu huyu, na ndani ya maisha yake tueleze na elimu yenyewe, kwani viwili hivi havitengani.

KUZALIWA NA KUKUA KWAKE

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1859 katika makazi ya Vik, karibu na mji wa Uppsala. Baba yake alikuwa mpimaji wa ardhi na msimamizi wa mashamba ya chuo kikuu cha mji huo. Inasimuliwa kuwa mtoto huyu alijifunza kusoma bila ya kufundishwa na mtu alipokuwa na umri wa miaka mitatu, na kwamba alizipenda hesabu kwa kumtazama baba yake akijumlisha tarakimu katika madaftari ya kazi. Tunawakumbusha wazazi jambo hilo kwa kupita tu: mtoto hufundishwa na kile akionacho kikifanywa nyumbani kabla ya kufundishwa na mwalimu.

Alisoma katika skuli ya kanisa kuu la Uppsala, akawa hodari wa hesabu na fizikia. Katika mwaka wa 1876 aliingia chuo kikuu cha Uppsala, chuo cha kale na chenye heshima kubwa. Lakini hakuridhika na mafunzo ya fizikia aliyoyapata huko, na mwalimu mkuu wa kemia, Per Teodor Cleve, alikuwa mtu mwenye kuyapenda mambo yaliyokwisha kuthibiti, wala hakuwa na subira na dhana mpya. Basi katika mwaka wa 1881 kijana akafunga safari kwenda Stockholm, akajiunga na Erik Edlund, mwanafizikia wa Akademia ya Sayansi. Huko akapewa nafasi ya kupima kwa mkono wake na kufikiri kwa akili yake.

SWALI LILILOMSHUGHULISHA

Swali alilolishika lilikuwa jepesi kwa kulitamka. Maji safi hayapitishi umeme ila kidogo mno. Chumvi kavu nayo haipitishi. Lakini vikichanganywa vitu hivi viwili, ambavyo kila kimoja peke yake ni kizuizi, umeme hupita. Kwa nini?

Wataalamu wa zama zile walikuwa na jawabu lao. Walisema kuwa umeme wenyewe ndio unaoivunja chumvi ndani ya maji na kuitenga vipande viwili, kimoja chenye umeme wa chanya na kimoja chenye umeme wa hasi, na vipande hivyo ndivyo vinavyouchukua mkondo. Vipande hivyo viliitwa ayoni. Arrhenius alipima myeyuko mmoja baada ya mwingine, mkali na ulioongezwa maji, akaona jambo lisiloafikiana na jawabu hilo. Kila alipouzidisha maji myeyuko, uwezo wa kila gramu ya kitu kilichoyeyushwa katika kupitisha umeme uliongezeka. Hesabu za gramu ni zile zile, umeme ni ule ule, lililozidi ni maji tu. Basi yakupasa useme kuwa maji ndiyo yenye kazi.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kuwa usiku wa tarehe 17 Mei 1883 hakupata usingizi mpaka alipoimaliza mas-ala hii yote katika fikra yake. Rai aliyoifikia ni hii: katika kila myeyuko wa namna hiyo ziko chembe zenye nguvu ya kuchukua umeme na chembe zisizo na nguvu hiyo, na kila maji yanapozidi, zenye nguvu huzidi. Tena akasema kuwa chembe zile zile zinazochukua umeme ndizo zinazoifanya tindikali iwe kali katika kazi zake nyingine. Alipokwenda kumweleza Cleve kuwa amepata rai mpya, mwalimu yule alimjibu kwa maneno mawili matatu ya adabu, akamuaga. Kijana akarudi zake.

MTIHANI WAKE

Katika mwezi wa Mei 1884 aliyapeleka maandishi yake Uppsala ili apewe daraja ya udaktari. Yalikuwa yapata kurasa 150, kwa lugha ya Kifaransa, na ndani yake mlikuwa na kauli 56 alizozisimamia mbele ya wakubwa wa chuo. Sasa zingatia, ewe msomaji, yaliyomfika. Hawakumkatalia kabisa, kwani vipimo vyake havikuwa na kasoro ya kumkatalia. Lakini walimpa maandishi daraja ya chini, ya mtu aliyefaulu kwa taabu, na namna alivyojitetea mbele yao wakaipa daraja iliyo juu yake kidogo tu. Maana ya hukumu hiyo katika nchi ile ilikuwa kwamba mlango wa kufundisha katika chuo kikuu umefungwa mbele yake. Miaka ya kazi ilikuwa karibu kupotea, wala si kwa kuwa mtu amemwonyesha kosa lake, bali kwa kuwa aliyoyasema hayakuwamo katika vitabu vya waliokuwa wakimhukumu.

Hatusemi kuwa walimu wale walikuwa watu waovu. Cleve alikuwa mtaalamu wa kweli, na kazi zake katika kuzitambua elementi adimu zinajulikana. Na mtu mwenye insafu atakiri kuwa maandishi ya Arrhenius yalikuwa magumu, na kwamba rai yake haikuwa imekamilika bado. Lakini kosa lao ni kosa tunalolijua sote, nalo ni kuipima kauli kwa umri wa msemaji na kwa mazoea ya msikilizaji, badala ya kuipima kwa dalili yake.

RAFIKI WA MBALI

Arrhenius hakukaa kulia. Alichukua nakala za maandishi yake akazipeleka kwa wataalamu wa nchi za nje: kwa Clausius na Lothar Meyer katika Ujerumani, kwa van 't Hoff katika Uholanzi, na kwa Wilhelm Ostwald katika mji wa Riga, uliokuwa chini ya dola ya Urusi. Ostwald alikuwa na miaka 30. Amesimulia kuwa siku moja katika mwezi wa Juni 1884 alipata mambo matatu kwa pamoja: maumivu ya jino, mtoto wa kike, na maandishi ya kijana wa Swideni asiyemjua. Na lililompa taabu zaidi, kwa usemi wake, ni maandishi yale, kwani kwanza aliyaona kuwa hayana maana, kisha kila akiyarudia akaona hawezi kuyaepuka.

Sababu ya kutoweza kuyaepuka ni hii. Ostwald alikuwa ametumia miaka akizipanga tindikali kwa nguvu zake, kwa kuangalia zinavyoharakisha vitu vingine kugeuka. Alikuwa na orodha yake mkononi. Ikiwa kijana yule amesema kweli, basi tindikali zikipangwa kwa uwezo wake wa kupitisha umeme, orodha mbili zitafuatana. Akapima, na zikafuatana. Hakumjua mtu, hakuijua nasaba yake, wala hakuiuliza daraja aliyopewa Uppsala. Aliipima kauli yenyewe. Katika mwezi wa Agosti wa mwaka ule ule akafunga safari mpaka Uppsala kumtazama na kumwalika Riga. Wakubwa wa chuo walipoona kuwa mgeni mwenye jina amevuka bahari kumfuata mwanafunzi waliyempunguza, fikra zao zikabadilika, na kabla ya mwaka kwisha Arrhenius akafanywa mwalimu wa kemia ya fizikia.

Hakwenda Riga wakati huo, kwa kuwa baba yake alikuwa mgonjwa, akafa katika mwaka wa 1885. Baada ya hapo alipata msaada wa fedha za safari, akazunguka kutafuta elimu kwa wenye elimu: kwa Ostwald mjini Riga, kwa Kohlrausch mjini Würzburg, kwa Boltzmann mjini Graz, na kwa van 't Hoff mjini Amsterdam. Katika safari hizo rai yake ilikomaa. Van 't Hoff alikuwa amegundua kuwa maji yenye chumvi huonekana kana kwamba yana chembe nyingi kuliko zilizotiwa. Arrhenius akatambua kuwa jambo hilo na lake ni moja. Chumvi ikiingia majini, chembe moja huwa mbili, hata kabla ya umeme kuletwa. Akahesabu kwa njia ya umeme, akahesabu kwa njia ya kuganda kwa maji, na hesabu mbili zikakaribiana. Mashahidi wawili wasiojuana walikuwa wametoa ushahidi mmoja. Akaitangaza rai yake kamili katika mwaka wa 1887, ndani ya jarida jipya ambalo Ostwald na van 't Hoff walilianzisha mwaka huo.

MAANA YA TINDIKALI DHAIFU

Sasa turudi kwa kijana wetu na siki yake. Watu wengi huchanganya mambo mawili: tindikali iliyo dhaifu na tindikali iliyotiwa maji mengi. Hayo ni mbalimbali. Ukolezi ni wingi wa tindikali iliyomo katika lita moja. Udhaifu ni tabia ya tindikali yenyewe, yaani uzito wake wa kujitenga ikawa ayoni.

Tupige mfano. Fikiri mji wenye nyumba mia, na kila nyumba ina mtu mmoja. Tindikali kali, kama ile ya chumvi, ni mji ambao watu wake wote wako barabarani. Hapana aliyebaki ndani. Tindikali dhaifu, kama ile ya siki, au ya ndimu, au ya ukwaju, ni mji ambao mtu mmoja au wawili ndio walio nje, na waliobaki wote wamejifungia. Mpita njia anayetazama barabara tu atasema mji huu ni mtupu. Amekosea, mji umejaa, lakini watu wake si wa kutoka. Katika myeyuko wa siki ulio na ukolezi wa moli 0.1 kwa lita, chembe zilizojitenga ni kama moja na theluthi katika kila mia.

Basi vipi tutawahesabu waliomo ndani? Mwenye karamu akisimama mlangoni mwa mji, akamchukua kila aliye nje akaenda naye karamuni, barabara haibaki tupu. Mwingine hutoka kushika nafasi yake, naye huchukuliwa, na mwingine hutoka, mpaka nyumba zote zimekwisha. Soda kali ndiyo mwenye karamu. Kila tone lake huichukua ayoni ya haidrojeni iliyo huru na kuifanya maji, na tindikali iliyobaki hutoa nyingine. Kwa hiyo kudondosha soda mpaka mwisho hutupa idadi ya mji mzima, ijapokuwa waliokuwa wakionekana ni wachache.

Neno lenyewe alkali, ambalo ni jina la jamii ya vitu vilivyo kinyume cha tindikali, limetoka katika Kiarabu, nalo lilikuwa jina la majivu ya mimea iliyochomwa ili kupatikana magadi. Wazee wetu wanaotia magadi katika kunde, na wapika sabuni wanaotumia soda kali, wamo katika mlango huu huu wa elimu.

JINSI YA KUPIMA

Utaratibu wenyewe ni huu. Chukua mililita 10 za siki, uzitie maji mpaka ziwe mililita 100. Katika hizo chota mililita 25 kwa pipeti, uzitie katika chupa, na juu yake matone mawili ya dawa iitwayo fenoftalini, ambayo haina rangi katika tindikali na huwa nyekundu ya waridi katika alkali. Jaza bureti, lile bomba la kioo lenye alama, kwa soda kali ya ukolezi wa moli 0.1 kwa lita. Dondosha huku ukitikisa chupa, na ukikaribia mwisho dondosha tone kwa tone, mpaka rangi hafifu ya waridi ibaki isiondoke.

Tuseme umetumia mililita 20.8. Zidisha kwa 0.1, ugawe kwa 25, utapata moli 0.0832 kwa lita. Kwa kuwa siki uliitia maji ikawa mara kumi, siki ya asili ina moli 0.832 kwa lita. Moli moja ya tindikali ya siki ina uzito wa gramu 60, basi lita moja ya siki ina gramu 50 hivi, yaani sehemu 5 katika 100. Muuzaji aliyeandika 5 katika chupa yake amesema kweli. Na lau ungelipata 2, ungelijua kuwa umeuziwa maji.

Huo ndio ukolezi. Umebaki udhaifu, na hapa ndipo kazi ya Arrhenius na Ostwald inapong'ara. Ostwald katika mwaka wa 1888 alionyesha kuwa kila tindikali dhaifu ina namba yake isiyobadilika. Zidisha ukolezi wa ayoni za haidrojeni kwa ukolezi wa pande la pili lililoachana nazo, kisha ugawe kwa ukolezi wa tindikali iliyobaki nzima. Uitie maji kidogo au mengi, jawabu ni lile lile. Namba hii ndiyo kipimo thabiti cha kujitenga, na ni kama jina la tindikali hiyo lisiloweza kufichika.

Tazama sasa wepesi wa kuipata. Ukitia nusu ya soda iliyohitajika, yaani mililita 10.4 katika mfano wetu, nusu ya tindikali imekwisha kuwa chumvi na nusu imebaki nzima. Pande la pili na tindikali nzima zimekuwa sawa, na katika hesabu vitu vilivyo sawa juu na chini huondoana. Kinachobaki ni ayoni za haidrojeni peke yake. Basi ukiwa na chombo cha kupimia pH, kipimo kilichowekwa na Sørensen mjini Copenhagen katika mwaka wa 1909, kisome hapo nusu ya njia. Kwa siki utaona 4.76 au karibu yake. Ukiigeuza kuwa ukolezi wa ayoni za haidrojeni utapata 0.0000174, na hiyo ndiyo namba ya siki. Hukuhitaji hata kuujua ukolezi wa siki ili kuipata.

Ama kuhusu rangi, yataka hadhari. Kwa tindikali dhaifu, mwisho wa kazi hauangukii pale kwenye 7 ambapo maji safi husimama, bali huangukia upande wa alkali. Katika mfano wetu ni kama 8.7. Fenoftalini hubadilika kati ya 8.2 na 10 hivi, kwa hiyo ni shahidi mwema. Lakini mwanafunzi akichukua rangi ya methili ya machungwa, ambayo hubadilika kati ya 3.1 na 4.4, itamgeukia kabla hata hajafika nusu ya njia, naye ataandika kuwa siki ni hafifu kuliko ilivyo. Mkono wake haukukosea wala hesabu yake. Amekosea kumchagua shahidi. Wangapi katika hukumu za dunia wamepotea kwa njia hiyo!

Wala elimu hii haikukomea katika chupa ya siki. Henderson wa Marekani katika mwaka wa 1908 aliitumia kanuni hiyo kueleza jinsi damu ya mwanadamu inavyojilinda isiwe tindikali wala alkali, kwa tindikali dhaifu na chumvi yake kukaa pamoja. Damu ya mtu mzima wa afya hukaa karibu na pH 7.4, na ikienda mbali na hapo kwa kiasi kidogo tu, uhai huwa hatarini. Udhaifu ule ule unaoonekana kuwa ni kasoro ndio uliomhifadhi mwanadamu.

UTUKUFU WAKE

Katika mwaka wa 1891 Arrhenius alikuwa mwalimu katika chuo cha juu cha Stockholm, na katika mwaka wa 1895, baada ya upinzani, akawa profesa wa fizikia. Katika mwaka wa 1896 alitoa hesabu yake mashuhuri juu ya hewa ya kaboni inayotoka katika makaa yanayochomwa, akaonyesha kuwa kuzidi kwake angani huzidisha joto la dunia. Alihesabu kwa mkono yale ambayo leo yanawashughulisha wakulima na wavuvi wa kila pwani. Akademia ya Sayansi ya Swideni ilimwingiza katika mwaka wa 1901, nako pia kwa upinzani mkubwa. Kisha katika mwaka wa 1903 akapewa Tunzo ya Nobel ya kemia kwa rai ile ile aliyopewa daraja ya chini miaka 19 kabla yake. Alikuwa mtu wa kwanza wa Swideni kuipata. Katika mwaka wa 1905 akakabidhiwa uongozi wa taasisi ya Nobel ya kemia ya fizikia.

Nyumbani kwake alioa mara mbili: kwanza Sofia Rudbeck katika mwaka wa 1894, ndoa iliyovunjika baada ya miaka miwili, kisha Maria Johansson katika mwaka wa 1905. Aliacha watoto wa ndoa zote mbili.

Na rai yake, pamoja na utukufu wake, haikuwa kamili. Kwa tindikali dhaifu ilisimama imara, lakini kwa tindikali kali na chumvi hesabu zake hazikulingana sawasawa. Katika mwaka wa 1923 Debye na Hückel walieleza kuwa katika myeyuko wa namna hiyo chembe zote zimejitenga, lakini huvutana zenyewe kwa zenyewe. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda: wa nyuma humsahihisha wa mbele bila ya kumvunjia heshima.

MAKOSA YAKE

Tarikh ya mtu isiyotaja makosa yake ni sifa, si tarikh. Arrhenius aliyedhulumiwa katika ujana alipata nguvu katika utu uzima, na si kila mara alizitumia kwa insafu. Mendeleev, yule mtaalamu mkubwa wa Urusi aliyezipanga elementi, hakuikubali rai ya kujitenga kwa ayoni. Alipopendekezwa kwa Tunzo ya Nobel katika mwaka wa 1906, hakuipata, na waliochunguza habari za Akademia wanasema kuwa mkono wa Arrhenius ulikuwamo katika kumzuia. Mendeleev akafa katika mwaka wa 1907 bila ya tunzo hiyo.

Kubwa zaidi ni hili. Katika mwaka wa 1909 iliundwa Swideni jumuiya ya kile kilichoitwa usafi wa mbari, na Arrhenius alikuwa katika halmashauri yake. Na ilipofunguliwa taasisi ya serikali ya elimu ya mbari mjini Uppsala katika mwaka wa 1922, alikuwamo katika halmashauri yake ya kwanza. Watu hao walidai kuwa wanadamu wanaweza kupimwa na kupangwa kwa daraja za damu, bora na duni. Baada ya kufa kwake, kwa fikra za namna hiyo, nchi ile ilitunga sheria katika mwaka wa 1934, na mpaka miaka ya 1970 zaidi ya watu 60,000 walikuwa wamefungwa uzazi, wengi wao bila ya hiari ya kweli.

Sisi watu wa pwani hii, ambao wazee wetu walipangwa kwa rangi zao katika siku za ukoloni, mmoja akaandikwa hivi na ndugu yake akaandikwa vile, tunayajua matunda ya mti huo. Na ajabu ni kwamba mtu aliyewafundisha walimwengu kuwa kilicho ndani ya chupa hakijulikani kwa kutazamwa kwa juu, alikubali wanadamu wahukumiwe kwa kupimwa mafuvu na kutazamwa rangi za macho. Katika siki alidai dalili. Katika watu aliridhika na dhana.

KUFA KWAKE

Alikufa mjini Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927, akiwa na miaka 68, akazikwa Uppsala, katika mji ule ule uliompunguza daraja akiwa kijana.

Basi enyi ndugu, tuchukue katika maisha haya yaliyo mema na tuyaache yaliyo mabaya, wala tusiyaache mema kwa ajili ya mabaya, wala tusiyameze mabaya kwa ajili ya mema. Mwalimu anayeletewa jambo jipya na mwanafunzi wake na aliulize dalili kabla ya kulitupa. Mwanafunzi aliyepunguzwa na asikate tamaa, bali aipeleke kazi yake kwa mwenye kuipima. Na mwenye elimu iliyothibiti katika jambo moja asidhani kuwa amepewa amri katika kila jambo, wala sisi tusimfuate mtu mahali asipokuwa na hoja kwa kuwa alikuwa nayo mahali pengine.

Na wewe kijana, utakaposimama tena mbele ya bureti na siki, usiitazame rangi tu. Wakumbuke wale walio ndani ya nyumba wasioonekana barabarani, na uwatoe mmoja mmoja mpaka uijue idadi yao kwa yakini.